Siri Inamlinda Nani?

Maandiko ya kusoma nyumbani wiki hii: Yoshua 7; Nehemia 2:11-18; Mathayo 6:1-6; Luka 12:1-3



Tarehe 5 Desemba 2013, saa tano na dakika 14 usiku, roketi iliruka kutoka kambi ya Vandenberg, California. Roketi ya usiku haifichiki. Mbingu inabadilika rangi, mwanga unapanda, halafu ngurumo inafuata nyuma kama radi. Mwenye macho aliona moto. Lakini ndani mlikuwa na nini? Hilo wananchi hawakuambiwa. Mzigo ulipewa namba tu, NROL-39, na nembo ya pweza aliyeikumbatia dunia kwa mikono yake, na maneno ya kujisifu kwamba hakuna kitu kisichofikika kwao. Sisi watu wa pwani pweza tunamjua. Anakaa shimoni, anabadilisha rangi, wewe humwoni ila yeye anakuona.

Sasa linganisha. Tarehe 15 Aprili 2023, saa tatu na dakika 48 asubuhi, Wakenya tulikuwa kwenye simu na televisheni tukiangalia Taifa-1, satelaiti yetu, ikipaa. Huko ilikorushiwa ilikuwa bado usiku wa tarehe 14, na ni kambi ileile ya Vandenberg. Ya kwetu ilitangazwa kazi yake: kupiga picha za ardhi, kusaidia kilimo na mazingira. Hata bei ilitajwa, shilingi milioni 50. Na hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka baharini kati ya 1967 na 1988. Ile ya 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, kwa sababu iliruka siku ya sikukuu yetu. Ina jina, ina kazi, na matokeo yake yalichapishwa kila mtu asome.

Kwa hiyo kuna mizigo miwili: wa jina na wa namba. Swali langu leo si la roketi. Ni hili: je, kila siri ni dhambi?

Wengine watajibu haraka, "Ndiyo mchungaji, aliye nuruni hana cha kuficha." Pole pole. Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha kutoa sadaka kwa siri na kuomba mlango ukiwa umefungwa. Yusufu alipojua Mariamu ana mimba, alipanga kumwacha kimya kimya asije akamwaibisha. Nehemia alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu, kisha akaamka usiku na watu wachache na mnyama mmoja, akazunguka kukagua ukuta uliobomoka. Wakubwa wa mji hawakujua alikokwenda. Siri hizi Biblia hailaumu.

Halafu kuna Akani. Yeye alificha hemani kwake vazi la Babeli, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Wakati vitu vile vimelala kimya chini ya ardhi, Israeli walikwenda kupigana Ai, na watu 36 wakauawa. Wale 36 hawakuiona dhahabu hata siku moja. Walilipia siri ya mtu mwingine.

Tofauti ya Nehemia na Akani iko wapi, kama wote wawili walificha? Naiona katika mambo matatu. Kwanza, siri ya Nehemia ililinda watu wanyonge dhidi ya Sanbalati na Tobia. Ya Akani ilimlinda Akani. Pili, Nehemia alikuwa na wa kumuuliza: mfalme alijua amekwenda kufanya nini, na alimwandikia barua. Akani hakuwa na mtu. Tatu, siri ya Nehemia ilikuwa na mwisho. Alipomaliza kukagua aliwaita watu wote akawaambia, wakashika kazi pamoja. Ya Akani ingekaa pale hadi kiama kama Mungu hangeifukua.

Nilisoma biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hiyo mnivumilie na mfano wa hesabu. Ofisi ya wale wenye nembo ya pweza, NRO, ilianzishwa 1961. Kwa miaka 31, hadi 1992, serikali ya Marekani haikukiri hata kwamba ofisi hiyo ipo. Sababu yao inaeleweka: adui akijua unamwangalia, atajificha. Na baadhi ya siri zao zilikuwa na mwisho. Picha za satelaiti za Corona, zilizoanza kupatikana 1960, zilifunguliwa 1995. Lakini mwaka 1994 maseneta walilalamika hadharani kwamba ofisi hiyo ilikuwa inajenga makao makuu huko Virginia kwa zaidi ya dola milioni 300, na wao hawakuelezwa sawasawa. Baadaye ikajulikana kuna zaidi ya dola bilioni 1 zimerundikwa bila kutumika. Mwaka 1996 mkurugenzi na naibu wake wakaondolewa. Mmeona? Mlango uliofungwa kwa ajili ya adui ukamfungia nje mwenye nyumba. Hivyo ndivyo siri nzuri inavyooza. Inaanza kwa sababu ya haki, halafu mtu anagundua kwamba kwenye giza lile hakuna anayeuliza, na anaanza kupapenda.

Turudi Timbwani.

Pesa za chama, mweka hazina anasema, "Niaminini tu." Sadaka inahesabiwa na mtu mmoja, mlango umefungwa. Wapendwa, kumwuliza mtu hesabu si kumtukana. Jina la aliyetoa linaweza kubaki siri, na ndivyo Bwana alivyosema. Jumla ya kilichotolewa isiwe siri kwa waliotoa. Anayekataa kuulizwa kwa sababu yeye ni mtumishi wa Mungu, akumbuke kwamba Nehemia pia alikuwa mtumishi, na alikuwa na barua.

Lakini kuna jambo zito kuliko pesa, na leo nalisema wazi. Mtoto ameharibiwa na mtu wa karibu. Usiku wazee wanakutana, familia mbili zinakaa chini, pesa kidogo au mbuzi inatolewa, wanaita maslaha, wanaomba, wanatawanyika. Mama anaambiwa, "Mambo ya nyumba hayatoki nje, utaaibisha ukoo." Au mke anapigwa kila mwisho wa mwezi, na sisi kanisani tunamwambia avumilie, atunze siri ya nyumba yake. Ulizeni lile swali: siri hii inamlinda nani? Haimlindi mtoto, wala haimlindi mke. Inamlinda aliyefanya, na bili inakwenda kwa mdogo kuliko wote. Hiyo ni siri ya Akani, hata ikifungwa kwa maombi.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, si Petro ameandika kwamba upendo unafunika dhambi?" Ni kweli. Dhambi niliyotendewa mimi naweza kuisamehe na kuifunika. Lakini kidonda cha mtoto wa jirani sina ruhusa ya kukifunika kwa blanketi langu. Kikifunikwa kinaoza. Na ukija kwangu na mambo ya moyo wako, toba yako, majaribu yako, vita vya ndoa yako, yatabaki kwangu. Ukiniambia mtoto anaumizwa, siwezi kukuahidi kunyamaza, na mchungaji yeyote asikuahidi hivyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ipo. Mtoto apelekwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, na polisi waambiwe. Namba 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Ziandikeni nyuma ya mlango.

Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku kule Makueni, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka juu. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Kilichopanda kwa moto siku moja kilirudi, mchana kweupe, mbele ya wanakijiji. Bwana Yesu alishatuonya katika Luka 12: lililonong'onwa chumbani litatangazwa juu ya dari.

Wiki hii, kila mtu akae na siri zake aulize maswali matatu. Inamlinda nani? Nani anailipia? Ni nani mwenye haki ya kuniuliza, na nimemfungia mlango? Siri ikipita maswali hayo, itunze kwa amani, ni amana. Isipopita, usingoje ianguke yenyewe. Anza na mtu mmoja, mzee wa kanisa unayemwamini, mama mchungaji, au mimi. Ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi jioni.

Tuombe: Bwana, wewe unayeona gizani kama mchana, tupe ujasiri wa kuwafungulia wenye haki ya kuuliza, na kuwasimamia wadogo walioambiwa wanyamaze. Amina.