Mapendo Yasiyouliza

Wazazi Wakristo huchagua kwa uangalifu mtu atakayemsimamia mtoto wao katika Ubatizo. Je, wanamchagua kwa uangalifu ule ule mtu wa kwanza atakayetia mkono kinywani mwake? Swali hili si dogo. Kwa watoto wengi wa nchi yetu mtu huyo si daktari wa meno, bali ni mng'oaji wa yale yaitwayo "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni".

Maneno haya yalienea Tanzania katika miaka ya 1980, na hata leo hayajakoma. Mtoto wa miezi michache anapata homa na kuharisha. Jirani anafunua ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, naye anasema kwamba hayo ndiyo meno mabaya, na yasipotolewa mtoto atakufa. Ndipo mtoto hupelekwa kwa mtu aufukuaye ufizi kwa kisu, au kwa waya wa gurudumu la baiskeli, pasipo ganzi wala chombo kilichochemshwa. Kinachotolewa si plastiki. Ni chipukizi la jino aliloliumba Mungu, ambalo lingechomoza kwa wakati wake. Watoto wengine hutokwa na damu nyingi, wengine huingiwa na vijidudu katika damu, na wengine hufa. Hata wanaopona huweza kukua na meno yaliyopungua au kuharibika.

Sasa na tuulize: mama aliyekubali jambo hili ana hatia? Hakulifanya kwa chuki. Alikesha na mtoto wake, akalia, akatoa fedha yake ya mwisho. Alitenda kwa mapendo. Lakini je, mapendo peke yake yatosha?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitofautisha ujinga wa namna mbili. Uko ujinga ambao mtu hawezi kuushinda hata akijitahidi, na huo hauhesabiwi dhambi. Tena uko ujinga wa mtu awezaye kujua na apaswaye kujua, lakini hajali kuuliza. Huo haumwondolei hatia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha vivyo hivyo juu ya dhamiri ya mtu asiyejishughulisha kuutafuta ukweli. Dhamiri ni sauti ya kuitii, lakini kwanza ni mwanafunzi wa kufundishwa.

Watu wa Geita na Kahama waweza kulielewa neno hili upesi kuliko wengine. Mchimbaji haliamini jiwe kwa sababu linang'aa. Hulisaga, huliosha, huishika dhahabu kwa zebaki, huichoma, kisha huitia katika mizani. Naye mnunuzi huipima tena mbele ya macho yake. Hakuna anayenunua hata gramu moja kwa neno la jirani. Je, mtoto amepungukiwa thamani kuliko gramu ya dhahabu, hata neno linalohusu uhai wake lipokewe bila kupimwa?

Wengine watajibu kwamba mtoto wa fulani aling'olewa akapona. Naam, kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na mtu aliyekuwapo siku hiyo hupewa sifa. Umri wa miezi 6 hivi ndio meno huanza kuota; lakini ndio pia mtoto huanza kula vyakula vingine, kutambaa, na kutia kila kitu kinywani. Mambo mawili yakija pamoja, si lazima moja liwe limezaa la pili. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati upesi, apewe dawa ya maji ya chumvi na sukari, na asiachishwe kunyonya. Homa nayo ipimwe, maana huenda ni malaria.

Hata hivyo tusimtwike mama mzigo huu peke yake. Mara nyingi baba yuko machimboni, bibi anasisitiza, na zahanati iko mbali. Ajuaye na kunyamaza ana sehemu yake ya hatia, awe ni baba, msimamizi wa Ubatizo, mwalimu, au kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Kumfundisha asiyejua ni tendo la huruma, nasi wahenga walitwambia kwamba kuuliza si ujinga.

Basi jino la kwanza likichomoza, na kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, yafaa apelekwe kwa daktari wa meno katika hospitali iliyo karibu. Safari hii haina utisho. Mama humpakata mtoto, daktari humtazama kinywa, kisha hueleza namna ya kuyasafisha meno na ubaya wa kumlaza mtoto na chupa ya kinywaji kitamu. Katika sehemu za Shinyanga ambako maji ya visima yana floridi nyingi, wazazi waweza pia kumwuliza juu ya madoa ya kahawia. Meno ya utoto ni 20, nayo huyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Si ya kudharauliwa. Wala mtoto asitishwe nyumbani kwa jina la daktari, maana aliyefundishwa kwamba daktari ni adhabu atamkimbia siku atakapomhitaji.

Tarehe 9 Februari Wakristo humkumbuka Mtakatifu Apolonia, aliyevunjwa meno na kuuawa kwa ajili ya imani huko Aleksandria mwaka 249. Waliomtesa walikuwa adui zake. Watoto wetu huumizwa kwa idhini ya wale wawapendao. Tumwombe atuombee, nasi, kabla ya kumtoa mtoto mikononi mwetu, tuulize.