Mafunjo, Matope na Shamba la Mama Mmoja



Safari hii tunaleta swali la mama mmoja wa kusanyiko letu. Analima magimbi, yale ambayo sokoni hapa huitwa mayuni, kando ya kinamasi cha Nakivubo, chini ya Namuwongo. Alisikia kwamba kulima pale ni kosa. Baada ya ibada akatusogelea akauliza: "Pasta, ni kosa mbele ya serikali tu, au hata mbele za Mungu?" Hatukuthubutu kumjibu upesi. Tulishuka kwanza tukaangalia.

Wengi wetu hupita pale kwenye reli tukiwa tumeziba pua. Mfereji wa Nakivubo unashuka kutoka katikati ya jiji ukibeba maji ya mvua, ya masoko na ya gereji, pamoja na yale yanayotoka kwenye mitambo ya maji taka ya Bugolobi. Nyumba nyingi za mitaa yetu hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha vyoo vyetu navyo vinachangia, tusijifiche. Yote hayo huingia katika kinamasi chenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 hivi, kisha hutokea kwenye ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Kwenye ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu kando ya ufuko, iko mitambo ya Ggaba ambako huvutwa maji mengi ya kunywa ya Kampala. Maji tuliyoogea huondoka kwa mfereji, nayo hurudi kwa bomba.

Kinachosimama katikati ya kwenda na kurudi ni mafunjo. Mizizi yake imefumana ikawa mkeka mzito unaoelea, na maji hupenya chini na katikati yake polepole. Kwa kuwa yanakwenda polepole, tope hutua, na madini mabaya kama risasi hutua pamoja nalo. Juu ya mizizi wanakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kuozesha na kula uchafu. Mafunjo yenyewe hunyonya naitrojeni na fosforasi, na kwa chakula hicho hupanda hadi mita 4 na zaidi. Humo ndani hewa ni haba, hata kamongo hulazimika kupandisha kichwa juu ya maji ili apumue. Matope ndiyo yanayolisha mafunjo. Na mafunjo yasingekuwepo, mvua moja ya nguvu ingeyasukuma matope yote ziwani. Kazi hii hailipwi na mtu, ingawa wachumi walioipima mwaka 1999 waliikadiria kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka.

Magimbi hayafanyi kazi hiyo vizuri. Mkulima huchimba vijifereji ili shamba lisizame, na maji yakishapata njia hukimbia bila kupita kwenye mizizi. Wakati wa mavuno shina hung'olewa zima. Funjo likikatwa juu ya maji, kama wafanyavyo wasuka mikeka, huchipua tena.

Tulipokuwa tukisimama pale tulimkumbuka Bildadi, rafiki wa Ayubu, aliyetumia mafano ya mafunjo na matope. Alilielewa jambo la kinamasi vizuri; alikosea katika kulitumia, maana alitaka kumwonyesha mtu aliyefiwa na kufilisika kwamba amejiletea mwenyewe. Tuliogopa kuwa Bildadi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inasema serikali inashika vinamasi kwa dhamana, kwa faida ya raia wote. Sawa. Mwezi Juni 2024 tuliona nyumba za watu zikibomolewa katika kinamasi cha Lubigi. Lakini udongo wa kujazia kinamasi hauletwi na mama mjane akiubeba kichwani. Huletwa kwa malori.

Hata hivyo hatukuweza kumwambia mama yule kwamba hana neno. Wako kati yetu wanaosema, hii si nchi yetu, sisi ni wapita njia, kinamasi kina wenyewe. Maneno hayo hatuyakubali. Mpita njia naye hunywa. Bidoni yake hujazwa kwa maji ya ghuba ile ile kama bidoni ya Mganda, na mtoto wake akiharisha haulizwi kitambulisho cha mkimbizi. Kila vijifereji vinavyoongezwa shambani, maji huingia ghubani yakiwa machafu zaidi, na pale Ggaba dawa nyingi zaidi hutakiwa kuyasafisha. Anayeshindwa kulipa maji ya bomba huenda kuchota kwenye chemchemi iliyo chini ya vyoo. Huyo ni maskini mwenzake.

Basi tulimjibu hivi: kosa lipo, mama, hata mbele za Mungu, kwa kuwa liko jirani linayemgusa. Njaa inapunguza uzito wake, haiufuti. Na wewe si wa kwanza katika foleni ya wenye kosa. Wako mbele yako wengi wenye magari.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimeelewa, Pasta. Sasa nionyeshe shamba lingine."

Hatukuwa nalo. Wazee walimpa nafasi ya magunia manne nyuma ya kanisa, akayajaza udongo na samadi. Sukuma imeshika vizuri. Magimbi yamekataa, na kwa sababu hiyo bado tunamwona asubuhi mapema akiteremka na jembe, na akituona anatusalimia.