Mkono Uliotangulia Akili

Jioni ya Juni 20, 2019, wakubwa wa fedha wa Uingereza walikuwa wameketi mezani Mansion House, London, wamekuja kumsikiliza Waziri wa Fedha, Philip Hammond. Mara wakaingia wanawake waliovaa magauni mekundu, utepe mpana umepita begani: wanaharakati wa Greenpeace, waliokuja kupaza sauti juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mmoja akapita nyuma ya kiti cha Mark Field, waziri mdogo wa mambo ya nje.

Field hakungoja walinzi. Aliinuka, akamsukuma yule mwanamke hadi kwenye nguzo, akamkamata kisogoni na kumswaga hadi nje kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Kamera zilikuwa zinarekodi.

Kesho yake Waziri Mkuu Theresa May akamsimamisha kazi. Field aliomba radhi, akajitetea kwamba alihofia huenda mgeni yule ana silaha. Mwezi uliofuata serikali ikabadilika, naye akawa nje ya uwaziri. Uchaguzi wa Desemba hakugombea.

Wapo watakaouliza: mbona John Prescott alisalimika? Ni kweli. Mei 16, 2001, mjini Rhyl, Wales, Naibu Waziri Mkuu huyo alipigwa yai, naye, aliyewahi kucheza ndondi za ridhaa, akajibu kwa ngumi ya kushoto. Bosi wake, Tony Blair, alilipitisha jambo kwa mzaha, na wiki tatu baadaye chama chao cha Labour kikashinda kwa kishindo. Lakini siku ile ile ya yai ndiyo Labour ilizindua ilani yake. Nani anaikumbuka leo? Prescott alipofariki mwaka 2024, ngumi ile ilikuwa bado inatajwa kwenye tanzia zake.

Mwandamanaji anatafuta kusikika tu. Mwache apite, walinzi watamtoa, na kelele zake zitaishia ukumbini. Mshike shingo, umempa jukwaa, kamera na jina lako. Field alitaka kuuzima ujumbe. Akaubeba kwa mkono wake mwenyewe hadi ng'ambo ya bahari.

Basi wewe unayeutaka uongozi, siku ukizomewa, mikono yako ibaki mezani. Hasira ni hasara, na hasara ya mwenye cheo haimaliziki siku ile: hulipwa kidogo kidogo, mpaka kwenye tanzia.