Dhima ya Mwenye Tangi

Katika sakafu ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo miamba imekoma na mchanga umetandaa, ziko nyanda zilizosheheni magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma, ambayo hayaliki upesi baada ya mwenyewe kufa, kwa kuwa maji ya ziwa lile yamejaa chokaa na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Na ndani ya magamba hayo, yaliyorithiwa pasipo wasia, wamefanya maskani samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wasiopatikana katika ziwa jingine lolote duniani. Mmoja wao, Neolamprologus multifasciatus, ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimwandika mwaka 1906, ana milia myembamba ubavuni, na dume lake hukaribia sentimita 5 tu, na jike ni mdogo zaidi. Mvuvi wa Kigoma au wa Kalemie hana haja naye, maana hafai kwa kitoweo. Lakini katika nchi za mbali wako watu wanaomwandalia tangi la kioo la lita 50 na kumweka sebuleni, wamtazame jioni baada ya kazi.

Swali linalozuka hapa si la ufundi. Kiumbe huyu haliwi, habebeshwi mzigo, wala halindi nyumba. Amefungiwa ili atazamwe. Je, starehe ya jicho ni sababu ya kutosha kumtoa mahuluku wa Mungu katika maji yake na kumtia katika kisanduku? Wako wenye huruma wasemao la, nami siwadharau, kwani huruma yao ni ya kweli. Wako na wasemao kwamba vyote vilivyomo ardhini vimetiishwa kwa mwanadamu, kwa hiyo hakuna la kuuliza, na hawa wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi, maana kutiishiwa kitu si kusamehewa hesabu yake.

Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim ziko mbili ambazo aghalabu hurejewa katika jambo hili. Ya kwanza ni ya Abu Umayr, mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume alipoingia kwao alikuwa akimwuliza kwa upole habari za kindege chake, wala hakumkanya kumfuga. Na kutokana na kisa hicho kifupi mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, Ibn al-Qass, alitunga risala nzima akitoa humo faida zipatazo 60. Ya pili ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi huzisoma hizi mbili kuwa ni ruhusa na onyo, wakaishia hapo. Mimi naona kisa cha paka kina jambo la ndani zaidi, nalo ni kwamba mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kuokoka, wa kulisha na wa kufungua, na dhambi yake ilikuwa kuifunga yote miwili kwa pamoja.

Mwenye tangi hana mlango wa pili. Samaki wa Tanganyika akimwagwa katika mto wa nchi ya baridi atakufa, na akitupwa katika ziwa lisilo lake asife, huenda madhara yake yakawa makubwa kuliko kifo chake. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo, tulioona sangara alivyopandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na jinsi alivyowamaliza furu wa aina nyingi zisizoonekana tena. Kwa hiyo dhima ambayo kwa mwenye paka ilikuwa na njia mbili, kwa huyu imesimama juu ya njia moja, na kulisha kwake si kutupa chakula peke yake, bali ni kumpa kiumbe yule kila kitu alichokuwa akipewa na ziwa: pumzi, joto, chokaa, giza la kujisitiri, na usafi.

Huo usafi ndio mgumu kuliko yote. Katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, amonia aitoayo samaki kwa mashavu yake hupotea kana kwamba haikuwapo. Katika lita 50 humrudia mwenyewe ikamwunguza, tena sumu yake huzidi ukali katika maji ya chokaa, ambayo ndiyo hasa anayoyahitaji. Dawa yake ni bakteria wasioonekana kwa macho, kundi moja likiigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine likiigeuza nitriti kuwa nitrati, iliyo nyepesi, ambayo mtu huipunguza kwa kubadili sehemu ya maji kila juma. Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Ndiyo maana tangi hutiwa mchanga laini, likajazwa maji, likawekewa chujio la sponji na kipasha maji mpaka kipimajoto kisome nyuzi 25 hivi, kisha likaachwa bila samaki kwa majuma manne, sita, pengine zaidi, likilishwa amonia kidogo kidogo na kupimwa, hata amonia na nitriti zisionekane tena katika kipimo. Majuma hayo ya kutazama maji matupu nayahesabu kuwa ni ibada, na asiyeyaweza amekwisha kujibu lile swali la halali kwa nafsi yake mwenyewe: alichokipenda ni jicho lake, si samaki.

Na hata aliyengoja asidhani kwamba amekuwa mwenye amri. Atachemsha magamba ya konokono wale waliwao Ufaransa, ayapange kwa nakshi, mengi kuliko samaki wenyewe, na siku samaki watakapoingia mpango wake utabomolewa. Ukikaribisha uso wako kwenye kioo utamwona dume akijaza mchanga kinywani mpaka mashavu yavimbe, akaogelea kidogo, akautema, akarudi tena. Huchimba chini ya gamba mpaka likalala na kuzama, ubaki mlango peke yake, na shimo lifike kwenye kioo cha chini. Baadhi ya wafugaji husawazisha mchanga huo kila wiki ili tangi lipendeze. Hilo silikubali kabisa. Tumemnyima ziwa, tumwachie angalau uamuzi wa mahali pa kulaza nyumba yake.

Kisha watazaliwa watoto. Jike hutaga ndani kabisa ya gamba, akapepea mayai kwa mapezi yake, na baada ya siku kadhaa vichwa vidogo kama ncha ya sindano huchungulia mlangoni vikingoja uduvi wachanga. Hawa hawakutolewa ziwani wala hawajapata kuliona, na ni katika hawa, nadhani, dhima hukamilika, kwa sababu mfugaji hakuwachukua, bali amewasababisha. Wakijaa hata tangi lisiwatoshe, ni lazima atafute mtu wa kuwapokea, amwulize kwanza maji yake yamekaa majuma mangapi na yamepimwaje, na pamoja na samaki ampe magamba machache na kipande cha sponji kikuukuu kutoka katika chujio lake, chenye bakteria walio hai.