Tunda la Mbegu

Nyanya nzuri ya kwanza huishia kwenye kachumbari. Ndiyo tabia ya watu: jicho huchagua, mkono huchuma, tumbo hupokea. Mbegu hukumbukwa mwisho wa msimu, miche imenyauka na yaliyosalia ni matunda madogo yenye mabaka. Hayo ndiyo hukamuliwa mbegu. Misimu ikipita hivyo, mavuno hupungua, na mwenye bustani huilaumu ardhi.

Kutunza mbegu ya asili huanza na kujinyima. Mtunzaji huutazama mche mzima, si tunda pekee, kwa kuwa tunda moja kubwa kwenye mche dhaifu ni bahati, na bahati hairithiwi. Mche uliosimama wenzake walipoungua kwa ukungu ndio wa kufungwa uzi wa alama. Tunda lake huachwa liive kabisa. Kisha mbegu na ute wake hutiwa maji kidogo, zikaachwa siku mbili au tatu zichachuke. Harufu yake haipendezi, lakini ute huo huzuia mbegu kuota, na kuchachuka ndiko kunakouvua. Mbegu nzima huzama, pepe huelea. Zilizozama huoshwa, zikaanikwa kivulini juu ya sahani. Zikihifadhiwa pakavu, pasipo joto, huota hata baada ya miaka minne.

Mbegu chotara ya dukani huzaa sana, na familia nyingi zinaishi kwayo. Lakini watoto wake hawafanani nayo, hivyo kila msimu mkulima hurudi kununua. Polepole huacha kuichunguza miche yake, kwani uchaguzi umeshafanywa na mwingine. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko bei ya pakiti.

Huko Marekani, Diane Ott Whealy na mumewe Kent walianzisha Seed Savers Exchange, jumuiya ya kubadilishana mbegu, mwaka 1975. Babu yake Diane alikuwa amewaachia mbegu za nyanya iitwayo German Pink, ambazo wazee wake walihama nazo kutoka Bavaria katika karne ya 19. Wangezificha, mvua mbaya moja ingezimaliza. Waligawa, na nyanya hiyo inapandwa mpaka leo.

Basi msimu huu, kabla hujachuma la kwanza, ufunge uzi mche ulio bora na uwaambie wa nyumbani wasiuguse. Ukishakausha mbegu, nusu mpelekee jirani.