Mvule wa wakfu: Nani ataumwagilia mwezi wa Julai?

 

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Mkolani, kila mvua za vuli zinapokaribia hutangazwa baada ya swala ya Ijumaa kuwa tupande miti. Miche hupandwa, picha hupigwa, watu hutawanyika. Nenda kaitazame mwezi wa Agosti. Utakuta vijiti vikavu, na mingine imeliwa na mbuzi.

Safari hii katika kiwanja cha wakfu cha msikiti ninaoswali kuna mabishano. Wapo wanaotaka mikaratusi kiwanja kizima, kwa hoja kuwa baada ya miaka michache nguzo zitauzika na msikiti utapata fedha. Mimi nimo katika kundi la wanaosema tupande na mivule. Mzee wetu mmoja ameuliza ampandie nani mvule, ilhali utakapofaa kupasuliwa mbao yeye atakuwa kaburini.

Swali lake ni la haki, na jibu limo katika neno wakfu lenyewe. Mali ya wakfu huzuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakaendelea kwa watu. Basi ni mti gani unaofanana na wakfu kuliko huu unaohitaji miaka 50 na zaidi kukomaa? Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w) ametaja sadaka yenye kuendelea miongoni mwa mambo matatu yasiyokatika mtu anapofariki. Na katika Bukhari na Muslim amefundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Matunda ya mvule huliwa na popo, na popo hao hupeleka mbegu mbali. Mpandaji amekwishazikwa, popo wanakula usiku, na mvule mwingine unaota asikokujua. Hesabu ya thawabu hiyo anaijua Allah (s.w) peke yake.

Mbao zake ni ngumu, mchwa haziwezi kirahisi na zinastahimili maji, ndiyo maana hufanyiwa milango na vyombo vya majini. Ng'ambo ya ziwa, kule Busoga, Uganda, mivule ilikuwa mingi, ikakatwa sana kwa ajili ya mbao hizo hizo.

Lakini mvule haupandwi kama mkaratusi. Miche yake ikijazana peke yake mahali pamoja, wadudu wadogo huingia katika majani machanga, vikatoka vinundu, ncha ikaoza na mche ukadumaa. Dawa yake ni kuichanganya na miti mingine, mmoja hapa mwingine kule, penye kivuli chepesi ikiwa midogo. Unataka pia udongo wenye kina, na kwa mawe haya ya Mkolani lazima kutafuta kwanza pa kuchimba. Usiwe karibu na ukuta, kwani unaweza kupita mita 30. Mikaratusi si haramu. Ipewe kona yake, mbali na miche hii, maana inakunywa maji mengi.

Na maji tunayo. Maji ya udhu yanaishia mtaroni mara tano kila siku, na mti hauna kinyongo nayo. Mfereji mdogo unatosha.

Salman al-Farsi (r.a) alipotakiwa apande mitende 300 ili aachwe huru, Masahaba walimchangia miche, huyu 30, yule 20, kila mtu kwa uwezo wake. Salman akachimba mashimo, na Mtume (s.a.w) akapanda kwa mkono wake. Kila mmoja alijua sehemu yake.

Kwa hiyo nimeiomba kamati, kabla ya kutangaza idadi ya miche, itangaze majina ya wamwagiliaji. Mivule minne inatosha, kila mmoja uwe na familia mbili, kuanzia Juni mpaka vuli, kwa miaka mitatu ya mwanzo. Uzio wa miba waufanye vijana wa madrasa. Mzee wetu naye tumemwomba atuchagulie pa kuchimba shimo la kwanza.