Je, Kazi Isiyokwisha ni Kazi Bure?

Liko neno lisemwalo mara nyingi matangani, nalo huwachoma wafiwa kupita msiba wenyewe. Watu husema, "Masikini, amekufa, na kazi yake hakuimaliza." Mama ameacha watoto wachanga. Mwalimu ameacha darasa ambalo halijajua kusoma sawasawa. Mzee ameacha nyumba yenye kuta bila paa. Na wasemao hivyo huwa kama wanasema kwamba taabu yote ya marehemu imefukiwa pamoja naye. Je, ni kweli? Kazi isiyokwisha ni kazi bure? Wasomaji wapendwa, twataka kulipima swali hili, na mizani yetu itakuwa miamba iliyochongwa zamani sana katika nchi ya India, upande wa kusini.

Tukitoka mji wa Chennai na kufuata pwani kuelekea kusini, mwendo wa kilometa zisizopungua 50, twafika mji mdogo uitwao Mamallapuram, na wengine huuita Mahabalipuram. Hapo wafalme wa ukoo wa Pallava, katika karne ya 7 na ya 8, waliamuru mahekalu yachongwe ndani ya miamba. Mahali pale palitengenezwa kwa ibada isiyo yetu. Hatuendi kusujudu, wala hatuendi kudharau. Twaenda kutazama kazi ya mikono ya watu, na mikono ya watu wote ameiumba Mungu mmoja.

Kabla ya hapo mahekalu ya nchi ile yalijengwa kwa miti na matofali, vitu ambavyo mvua na mchwa huvila. Mfalme mmoja wa Pallava, jina lake Mahendravarman wa Kwanza, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7, alichongesha pango mahali paitwapo Mandagapattu, akaandikisha mwambani kwamba amefanya hekalu bila matofali, bila mbao, bila chuma wala chokaa. Ndipo twaona jinsi neno hilo lilivyokuwa geni wakati ule, hata mfalme akaona fahari kulitangaza.

Sasa tufikiri kazi yenyewe ilivyo. Ajengaye huongeza: jiwe juu ya jiwe, tofali juu ya tofali. Achongaye hekalu katika mwamba hupunguza tu. Mwashi akikosea, hulitoa tofali bovu akatia jingine; mchongaji akikata pua ya sanamu kwa bahati mbaya, hana pua nyingine ya kuibandika. Tena jiwe la Mamallapuram ni itale, jiwe gumu mno. Huko Badami, katika jimbo la Karnataka, wafalme wa ukoo wa Chalukya walichongesha mapango manne katika jiwe la mchanga, ambalo ni laini zaidi. Na pango la tatu lina maandishi ya mwaka 578. Lakini itale humchosha mtu na patasi yake pia.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Wachongaji walianza juu, wakashuka. Hawakuhitaji majukwaa ya miti, maana walisimama juu ya mwamba wenyewe ambao bado haujachongwa. Hivyo sehemu ya chini, iliyokuwa ingali mbaya na isiyo na umbo, ndiyo iliyobeba miguu ya waliokuwa wakiipamba sehemu ya juu.

Katika Mamallapuram yako mahekalu matano yaliyosimama pamoja, kila moja limechongwa katika mwamba mmoja kama mtu achongavyo kinu katika gogo. Wenyeji huyaita ratha, maana yake magari, ingawa hayana magurudumu, na wameyapa majina ya mashujaa wa hadithi zao za kale. Moja, dogo kuliko yote, lina umbo la kibanda kilichoezekwa kwa majani, nalo lote ni jiwe. Kubwa kuliko yote lina ghorofa zinazopanda kama ngazi. Hapo karibu na mahekalu hayo amesimama tembo wa jiwe. Na katika hayo matano, hakuna hata moja lililokwisha kabisa. Lile liitwalo Bhima lina paa lililochongwa kwa uangalifu mwingi. Shuka macho chini, utaona jiwe limeachwa vile vile, la kuparuza, kana kwamba mafundi wamekwenda kula na watarudi alasiri. Yapata miaka 1,300 imepita, nao hawakurudi.

Basi, tuwahukumuje watu hawa? Msomaji wa Injili atatukumbusha mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara asihesabu gharama, akaweka msingi akashindwa kumaliza, wapitao wakamcheka. Mfano huo ni kweli, wala hatuna ruhusa ya kuupunguza. Na mkulima naye atatuambia: "Mwalimu, ukiwafundisha vijana kwamba kazi nusu si kitu kibaya, mwaka huu tutavuna magugu." Naye amenena vema. Shamba lililolimwa nusu kwa uvivu haligeuki kuwa jema kwa sababu tumelihurumia.

Lakini twaomba watu hao wawili wasimame nasi mbele ya mwamba ule na kutazama vizuri. Mvivu huiacha kazi yake imechokorwa kila mahali na haikunyoka popote. Asiyehesabu gharama huanza makuu, naye hana cha kuyaendeshea. Mchongaji wa Mamallapuram hakufanya hivyo. Pale alipofika, alipafikisha. Paa limekamilika mpaka kwenye mapambo madogo ambayo mtu aliye chini hayaoni vema. Kilichokosekana ni siku, si bidii. Na siku haziko mkononi mwa fundi. Hata Daudi alikusanya mawe, chuma na mierezi kwa nyumba ambayo hakuijenga. Sulemani ndiye aliyeijenga. Nani atasema kwamba Daudi alifanya kazi bure?

Tena liko jambo ambalo hatukulitazamia. Yako mapango huko yaliyokwisha kabisa, nguzo laini, ukuta laini, sanamu zimenyoka. Ukiyatazama hayo hujui yalifanywaje, kwa kuwa fundi amezifuta alama za patasi yake. Bali yako mengine yaliyoachwa katikati ya kazi, na humo twaona siri yote. Walichora miraba juu ya uso wa mwamba, wakachimba mifereji kufuata mistari, kisha wakavunja vipande vilivyobaki kati ya mifereji, wakaingia ndani hatua kwa hatua. Haya twayajua kwa sababu ya kazi isiyokwisha. Mapango yaliyokamilika yametupa uzuri. Yale yasiyokamilika yametupa elimu.

Na elimu ile haikufa. Mwanzoni mwa karne ya 8, mfalme Rajasimha wa ukoo ule ule alijengesha hekalu ufuoni pale pale Mamallapuram, safari hii kwa mawe yaliyokatwa na kupangwa, nalo lasimama hata leo karibu na mawimbi. Mwaka 1957 ilianzishwa katika mji huo shule ya serikali ya kufundisha uchongaji na ujenzi wa mahekalu, na hata sasa mpita njia husikia patasi zikigonga jiwe kando ya barabara. Wahenga wetu walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hata hivyo tusijidanganye. Ile miamba mitano hakuna aliyeirudia, na hasara ni hasara. Mtoto aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mama alianza vizuri. Hatuwezi kumwambia kwamba hakupungukiwa kitu. Lakini twaweza kumwonyesha kile kilichokamilika: jina alilopewa, maziwa aliyonyonya, sala aliyofundishwa kabla hajajua maana yake. Hayo ni paa la kazi ya mama, nayo hayataki kuchongwa tena. Sehemu ya chini imebaki, na jiwe limengoja mkono mwingine: wa shangazi, wa bibi, wa jirani.

Hapo ndipo swali letu lageuka na kutuelekea sisi wenyewe. Tulikuwa tukimwuliza maiti, "Je, ulimaliza?" Naye hawezi kujibu. Yatupasa tuwaulize walio hai maneno mawili. La kwanza ni la mtu angali kazini: je, kipande nilichokifanya leo kimenyoka, hata nikiitwa usiku huu mwingine aweze kuanza pale nilipoacha? La pili ni la sisi tubakiao: tumeiangalia kazi ya mwenzetu ili tujue alikofika, au tumekaa matangani kumhurumia tu, kisha tukaliacha darasa lake bila mwalimu na nyumba yake bila paa?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kazi isiyokwisha haiwi bure kwa sababu ya kutokwisha kwake. Huwa bure ikiwa ilifanywa ovyo, au ikiwa ilifanywa vema na hakuna aliyejali kuinama na kuitazama. Lile la kwanza ni kosa la aliyekwenda. La pili ni kosa letu. Basi siku nyingine tukisikia matangani mtu akisema, "Hakuimaliza," tumjibu kwa upole, "Ndiyo, ndugu. Alifika wapi?"